Faragha Yako Mbele ya Mahakama: Mwongozo Kamili wa Kudai Haki na Nafuu Nchini Kenya

Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ni fupi mno. Inasema kwamba kila mtu ana haki ya faragha. Inaongeza kwamba haki hiyo inajumuisha kutopekuliwa mwili, nyumba wala mali yake, kutochukuliwa vitu vyake, kutotakiwa kutoa habari za familia au mambo yake ya binafsi pasipo haja na kutofichuliwa kwa habari hizo, na kutoingiliwa mawasiliano yake. Haisemi lolote kuhusu programu ya mikopo inayowatumia ujumbe watu wote walio kwenye simu yako, wala kuhusu shule iliyobandika picha ya mwanao kwenye tangazo, wala kuhusu kampuni inayopiga picha za mboni za macho kwa malipo. Mambo hayo yamejazwa na majaji, hukumu baada ya hukumu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ilipoanza kutumika tarehe 25 Novemba 2019, yamejazwa pia na maamuzi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kwa sababu hiyo, mtu aliyevunjiwa faragha hafiki mbali kwa kunukuu Katiba peke yake. Anayefika mbali ni yule anayejua mahakama zimekwisha kuamua nini, kwa misingi gani, na zilitoa amri za namna gani, kisha akajenga dai lake juu ya misingi hiyo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo hatua kwa hatua. Hauchukui nafasi ya wakili, ila utakuwezesha kuingia ofisini kwa wakili ukiwa unajua unachokitaka.

Hatua ya kwanza: Tafuta hukumu na uzisome kuanzia mwisho

Hukumu za mahakama za Kenya huchapishwa bila malipo katika tovuti ya Kenya Law. Tafuta kwa maneno kama "article 31", "right to privacy" au jina la taasisi inayohusika, kwa kuwa karibu hukumu zote zimeandikwa kwa Kiingereza. Alama za utambulisho zitakuonyesha ngazi ya mahakama: KEHC ni Mahakama Kuu, KECA ni Mahakama ya Rufaa, na KESC ni Mahakama ya Juu. Chini ya Ibara ya 163(7), maamuzi ya Mahakama ya Juu huzifunga mahakama nyingine zote, kwa hiyo sentensi moja ya KESC inaweza kuwa na uzito kuliko kurasa mia za Mahakama Kuu.

Ukishaipata hukumu, nenda kwanza kwenye aya za mwisho, mahali ambapo jaji ameorodhesha amri zake. Hapo ndipo utakapojua kama mlalamikaji alipata alichokiomba, au alipewa tamko tupu bila fidia, au alishinda hoja moja na kushindwa nyingine. Baada ya hapo rudi juu utafute hoja ambazo jaji alisema zinahitaji kuamuliwa, kisha usome sababu zake kwa kila hoja. Maelezo ya mawakili, ambayo hujaza kurasa nyingi katikati, yanaweza kusubiri.

Jambo la mwisho, na ndilo watu hulisahau, ni kuchunguza kama hukumu hiyo ilikatiwa rufaa. Mwezi Aprili 2018, Mahakama Kuu ilizuia mfumo ambao Mamlaka ya Mawasiliano ilitaka kuuweka kwenye mitandao ya kampuni za simu kwa maelezo ya kutambua simu bandia, ikisema mfumo huo ulitishia faragha ya wateja. Hukumu hiyo ilishangiliwa na kunukuliwa sana. Miaka 2 baadaye, Aprili 2020, Mahakama ya Rufaa iliitengua, ikiona kwamba mashauriano kuhusu mfumo huo yalikuwa bado yanaendelea na mahakama ilikuwa imeingilia mapema. Anayeinukuu hukumu ya 2018 leo bila kutaja ya 2020 anampa mpinzani wake ushindi wa bure. Kesi hiyo ina funzo jingine la kiutendaji: ukishtaki kabla ya jambo kukomaa, onyesha wazi kwamba tishio ni la kweli na liko karibu, si hofu tu.

Hatua ya pili: Elewa vipimo ambavyo majaji hutumia

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, na panastahili utulivu.

Kipimo cha kwanza ni haja na uwiano. Ibara ya 24 inaruhusu haki ya faragha kuwekewa mipaka, lakini kwa sheria tu, na kwa kiasi kinachokubalika katika jamii huru ya kidemokrasia, huku ikizingatiwa kama kuna njia nyingine isiyoumiza sana. Mfano ulio wazi zaidi ni kesi iliyowasilishwa na KELIN, shirika linalotetea haki katika masuala ya UKIMWI, na wenzake. Mwezi Februari 2015 Rais aliagiza zikusanywe takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya UKIMWI, pamoja na habari za walezi wao na za akina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Fomu iliyotumika iliunganisha jina la mtu na hali yake ya kiafya. Tarehe 7 Desemba 2016, Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba agizo hilo lilivunja Ibara ya 31 na pia Ibara ya 53 inayolinda maslahi ya mtoto. Angalia jinsi hoja ilivyojengwa: hakuna aliyepinga kwamba Serikali inahitaji kupanga bajeti ya dawa. Swali lilikuwa kama bajeti hiyo inahitaji jina la mtoto. Jaji aliagiza kwamba ndani ya siku 45 majina yaliyokwisha kukusanywa yageuzwe kuwa namba za siri na yahifadhiwe kwa namna isiyomhusisha mtu na hali yake. Kila unapoandika dai lako, jiulize swali hilo hilo: lengo lao lingeweza kutimia bila kuchukua habari hii?

Kipimo hicho kilitumika tena katika kesi ya Huduma Namba, mfumo wa Serikali wa kusajili watu na kuwapa namba moja ya utambulisho, iliyofunguliwa na Nubian Rights Forum pamoja na taasisi nyingine. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yaliruhusu kukusanywa kwa vinasaba vya DNA na mahali mtu anapoishi kwa njia ya setilaiti. Katika hukumu ya tarehe 30 Januari 2020, majaji Mumbi Ngugi, Pauline Nyamweya na Weldon Korir walisema kwamba vipengele hivyo viwili viliingilia faragha kupita kiasi na vilikuwa kinyume cha Katiba. Hata hivyo hawakuufuta mfumo mzima. Waliruhusu Serikali iendelee, kwa sharti kwamba kwanza iwekwe kanuni madhubuti na kamili za kuusimamia. Kwa maoni yangu, sharti hilo lilikuwa na nguvu kuliko lilivyoonekana siku ile.

Kipimo cha pili ni utaratibu. Sharti la 2020 liligeuka kuwa msingi wa kesi iliyofuata, pale Katiba Institute na Profesa Yash Pal Ghai walipopinga utoaji wa kadi za Huduma. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinamtaka anayechakata data kwa njia inayoweza kuhatarisha haki za watu afanye kwanza tathmini ya athari. Serikali ilijitetea kwamba data zilikusanywa kabla ya sheria hiyo kutungwa. Tarehe 14 Oktoba 2021, Jaji Jairus Ngaah alikataa utetezi huo, akasema sheria hiyo ilihusu pia data zilizokusanywa awali kwa kuwa haki ya faragha ilikuwapo tangu Katiba ilipopitishwa. Alifuta uamuzi wa kutoa kadi na kuagiza tathmini ifanywe kwanza. Kwa mlalamikaji, hoja ya utaratibu ni nzuri kwa sababu ni rahisi kuithibitisha: ama tathmini ipo, ama haipo.

Kipimo cha tatu ni ridhaa. Chini ya kifungu cha 32 cha sheria hiyo, jukumu la kuthibitisha kwamba ulikubali linamwangukia yule anayetumia data zako, si wewe. Tena ridhaa lazima iwe ya hiari. Katika shauri la Worldcoin, watu wengi walipanga foleni Nairobi mwaka 2023 wapigwe picha za mboni za macho na kupewa sarafu za kidijitali. Tarehe 5 Mei 2025, Jaji Roselyne Aburili aliamua kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kuwavuta watu kwa sarafu hizo haikuwa halali, na kwamba tathmini ya athari haikufanywa ipasavyo. Kwa hiyo usikate tamaa kwa sababu ulibonyeza "nakubali". Kama hukuelezwa data zitatumika vipi, au kama ulisukumwa na shida, sema hivyo na ueleze mazingira yake.

Kwa picha za watu zinazotumika katika matangazo, Mahakama Kuu imekuwa ikitafuta mambo matatu: kwamba sura au utambulisho wako ulitumiwa, kwamba ulitumiwa kwa manufaa ya kibiashara au ya kujinufaisha, na kwamba hukutoa ruhusa. Likikosekana mojawapo, dai hutetereka.

Hatua ya tatu: Kusanya ushahidi kwa njia halali

Piga picha za skrini zinazoonyesha tarehe, saa, namba au akaunti iliyotuma, na ujumbe wote bila kukatwa. Kwa mfano, kama mkopeshaji amewatumia ujumbe shemeji yako na bosi wako kwamba wewe ni mdaiwa sugu, waombe wao wenyewe wapige picha za skrini za simu zao na wakubali kuapa hati za kiapo, kwa sababu ushahidi uliopo kwenye simu yao si wako kuueleza. Usifute ujumbe wa asili na usibadilishe simu kabla ya kuhifadhi nakala.

Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti. Cheti hicho hutaja hati inayohusika, hueleza jinsi ilivyotolewa, hutaja kifaa kilichotumika na hutiwa sahihi na anayehusika nacho. Ni karatasi moja tu, lakini kukosekana kwake kumewahi kuangusha picha za skrini zilizokuwa za kweli kabisa. Iandae mapema.

Usimtume rafiki aliye ndani ya kampuni akutolee nyaraka kwa siri. Mwaka 2017, katika shauri la Njonjo Mue dhidi ya Mwenyekiti wa IEBC (tume ya uchaguzi), Mahakama ya Juu iliziondoa kwenye kumbukumbu nyaraka za ndani za tume kwa kuwa hazikupatikana kwa njia halali. Ibara ya 50(4) nayo inaruhusu ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki kutupwa, na mlango huo uko wazi kwa pande zote mbili.

Hatua ya nne: Mwandikie anayeshikilia data zako

Kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinakupa haki ya kuelezwa data zako zinatumika vipi, kuziona, kupinga matumizi yake, na kutaka zisahihishwe au zifutwe. Kanuni za jumla za mwaka 2021 chini ya sheria hiyo zinampa aliyeandikiwa siku 7 kujibu ombi la kuziona data, na siku 14 kwa ombi la kusahihisha au kufuta. Barua yako inaweza kusomeka hivi:

"Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa la nne katika shule yenu. Tarehe 3 mwezi huu niliona picha ya mwanangu kwenye ukurasa wa matangazo wa shule. Sikutoa ridhaa ya picha hiyo kutumika. Kwa mujibu wa vifungu vya 26, 33 na 40 vya Sheria ya Ulinzi wa Data, naomba: mnieleze ridhaa mliyoitegemea, mnieleze mahali pote picha hiyo ilipotumika, na muifute ndani ya siku 14. Nakala ya tangazo imeambatishwa."

Usiweke matusi wala vitisho. Barua hiyo itasomwa baadaye na mtu asiyekujua, na unataka aone kwamba uliomba kwa ustaarabu ukapuuzwa. Itume kwa barua pepe ili tarehe ijulikane.

Hatua ya tano: Chagua mlango sahihi

Kesi nyingi za faragha hufia hapa. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Utekelezaji wa Haki wa Kiutawala (Fair Administrative Action Act) ya mwaka 2015, pamoja na maamuzi ya muda mrefu ya mahakama za juu, vinasema kwamba palipo na chombo maalumu kilichoundwa na sheria, hicho ndicho cha kwanza kuendewa. Mahakama Kuu imeyatupa maombi ya watu waliomruka Kamishna. Kwa upande mwingine, mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema katika shauri la mazingira kwamba kuwapo kwa njia nyingine hakumzuii mtu kuja na dai la kikatiba ikiwa njia hiyo haiwezi kumpa nafuu inayotosha. Kwa hiyo, kama shida yako ni kampuni, shule, baa au mkopeshaji kutumia data zako vibaya, anza kwa Kamishna. Kama unapinga sheria yenyewe, mradi mzima wa Serikali, au upekuzi wa polisi, mahali pako ni Mahakama Kuu. Na kama kilichofichuliwa ni hali ya mtu kuhusu virusi vya UKIMWI, lipo Baraza maalumu lililoundwa chini ya sheria ya mwaka 2006 kuhusu UKIMWI, ambalo watu wengi hawajui kwamba lipo.

Malalamiko kwa Kamishna yanaweza kuwasilishwa kwa maandishi, kwa njia ya kielektroniki au hata kwa mdomo. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinataka yachunguzwe na kuhitimishwa ndani ya siku 90. Zihesabu siku hizo kwa makini, kwa sababu Mahakama Kuu imewahi kufuta maamuzi ya Kamishna yaliyotolewa baada ya muda huo kupita, na mlalamikaji asiye na kosa ndiye aliyeumia. Siku zikielekea ukingoni, andika kukumbusha.

Tofautisha faini na fidia. Mwezi Septemba 2023 Kamishna alitangaza kwamba shule moja ya Uthiru imetozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na mkahawa mmoja wa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja. Faini hizo, ambazo kisheria hazizidi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kilicho kidogo, haziingii mfukoni mwa aliyeumizwa. Fidia yako inatokana na kifungu cha 65, kinachotambua hasara ya fedha na pia maumivu yasiyo ya fedha. Usipoiomba kwa maneno bayana na kueleza ulivyoumia, usitarajie kupewa.

Hatua ya sita: Andika ombi linalotaja amri unazotaka

Ukifika Mahakama Kuu, utawasilisha ombi la kikatiba chini ya Ibara ya 22, likiambatana na hati ya kiapo. Kanuni iliyothibitishwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2013 katika kesi ya Mumo Matemu inakutaka utaje ibara iliyovunjwa, namna ilivyovunjwa, na madhara uliyopata. Kuandika tu kwamba "haki zangu zimekiukwa" hakutoshi.

Ibara ya 23(3) inaorodhesha nafuu: tamko la haki, zuio, amri ya muda ya kuhifadhi hali, kutangazwa kwa sheria kuwa batili, fidia, na mapitio ya kimahakama. Usiinakili orodha yote bila kufikiri. Chukua amri zilizokwisha kutolewa uzipatanishe na hali yako. Katika shauri la Worldcoin, mahakama haikuishia kusema kwamba data zilikusanywa isivyo halali, bali iliagiza zifutwe ndani ya siku 7 chini ya usimamizi wa Kamishna. Amri hiyo ina kitendo, muda na msimamizi, na ndivyo kila ombi lako linavyopaswa kuwa.

Usisahau nafuu ya muda, maana data zikishasambaa hazirudi. Katika kesi ya Huduma Namba, tarehe 1 Aprili 2019, takriban miezi 10 kabla ya hukumu, majaji waliruhusu usajili uendelee lakini wakazuia kukusanywa kwa vinasaba na mahali pa makazi, wakazuia kuwalazimisha watu kujisajili, na wakazuia kuwanyima huduma wasiojisajili. Kwa wananchi wengi amri hiyo ya muda ndiyo iliyokuwa na maana zaidi. Ili kuipata, onyesha kwamba hoja yako si ya mzaha, kwamba ukikosa amri ushindi wa baadaye utakuwa wa bure, na kwamba maslahi ya umma yanaiunga mkono, kama Mahakama ya Juu ilivyoeleza mwaka 2014 katika kesi ya Gatirau Peter Munya.

Kuhusu muda, dai la kikatiba halina ukomo uliowekwa, ila utatakiwa kueleza kwa nini ulichelewa. Kama unaongeza dai la kashfa una miezi 12 tu, na kwa madhara mengine ya kiraia miaka 3.

Hatua ya saba: Baada ya uamuzi

Omba nakala iliyothibitishwa ya uamuzi na amri, umkabidhi mlalamikiwa rasmi, na uhifadhi uthibitisho wa kupokelewa. Asipotii notisi ya utekelezaji ya Kamishna, anatenda kosa linaloweza kumgharimu hadi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Kutotii amri ya mahakama ni kudharau mahakama, lakini lazima uthibitishe kwamba aliijua amri hiyo, ndiyo maana kile kijikaratasi cha kupokelewa ni muhimu.

Asiyeridhika na uamuzi wa Kamishna anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu, na maamuzi yenyewe kwa kawaida hutaja siku 30. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufaa, notisi ya rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14 tangu siku ya hukumu, na kumbukumbu za rufaa ndani ya siku 60 baada ya notisi. Rufaa ya mpinzani wako haisimamishi utekelezaji yenyewe. Mpaka atakapopata amri ya kusimamisha, data alizoamriwa kuzifuta anapaswa kuzifuta, na siku alizopewa zinaendelea kuhesabika.